Deki ya CD moja au ya CD tano? Amua kabla hujatoa hela

Ndani ya wiki mbili watu watatu wameniletea swali lile lile pale kibandani kwangu, na nimechoka kulijibu kwa mdomo huku nimeshika chuma cha kuchomelea. "Fundi, nimeona deki iliyotumika, inaingia CD tano kwa mpigo, jamaa anaiuza bei nzuri. Niichukue, au ninunue mpya ya CD moja?"

Kuna watakaocheka kwamba siku hizi nani bado ananunua deki. Wacheke tu. Nyumba nyingi ninazoingia kutengeneza TV zina boksi chini ya kabati: filamu za Kibongo za enzi zile, za Kihindi, za Kinaijeria Part 1 hadi Part 4, mawaidha, kwaya, na video ya harusi ya wenye nyumba. Bando likiisha, boksi lile linaendelea kuonyesha. Na hiyo video ya harusi huipati mtandaoni hata utafute usiku kucha.

Nitasema CD kwa kila kisahani kinachong'aa, kama tunavyosema mtaani, ila pale ambapo VCD na DVD lazima zitenganishwe.

Hatua ya 1: Mwaga CD zako kitandani

Usianzie dukani. Toa boksi lile, mwaga kila kitu, kisha tenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hadithi zinazoisha ndani ya CD moja. Fungu la pili ni hadithi zilizokatwa, zile ambazo ili umalize lazima mtu ainuke akabadilishe.

Fungu hilo la pili ndilo lililozifanya deki za CD tatu zipendwe sana kwetu. VCD moja hubeba dakika 74 hadi 80 za picha, basi. Filamu ya Kihindi ya saa tatu inataka VCD tatu. Mnakumbuka ilivyokuwa: shujaa kashikiwa bastola, muziki umepanda, ghafla kioo kinakuwa cheusi na mtoto anatumwa mbio akaweke ya pili, naye anaweka ya tatu kwa haraka. DVD ilipokuja shida hiyo ikapungua sana. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5, wakati CD ya kawaida, na VCD ni CD ya aina hiyo, inaishia kwenye MB 700 hivi. Filamu ile ile ya saa tatu inakaa kwenye DVD moja bila kubanwa. Tena zile za mtaani zilizoandikwa "sinema 20 ndani ya CD moja" zimekamuliwa mpaka nyuso hazitambuliki, lakini hakuna wa kuinuka hadi asubuhi.

Huna uhakika ipi ni ipi? Soma nembo kwenye kasha au juu ya CD yenyewe. Kama ni ya kuchoma nyumbani au steshenari, igeuze uangalie mgongo: DVD ya kuchoma mara nyingi ina rangi ya zambarau, CD ya kuchoma huelekea kijani, buluu au fedha.

Sasa hesabu. Usijali una CD ngapi kwa jumla. Jiulize kwa jioni moja ya kawaida unabadilisha mara ngapi *katikati ya hadithi*. Ukibadilisha baada ya filamu kuisha si shida, maana watu wameshasimama, mmoja anakwenda chooni, mwingine anachemsha chai. Mabadiliko ya katikati ndiyo pekee yanayoweza kuhalalisha deki ya CD nyingi. Kama fungu lako la pili lina VCD za Kihindi hamsini na mama mzazi ndiye mtazamaji, endelea kusoma kwa makini. Kama lina video ya harusi tu, kumbuka ukweli mmoja: harusi hutoka CD tatu au nne, sendoff, ndoa na ukumbini, lakini kila nyumba niliyowahi kuletewa CD za harusi, yenye mikwaruzo ni ile ya ukumbini peke yake. Nyingine ni mpya kabisa.

Hatua ya 2: Elewa kilichomo ndani ya boksi

Wateja wengi wanaamini deki ya CD tano ina macho matano. Hapana. Ina lenzi moja, kama ile ya CD moja. Kilichoongezwa ni sinia la plastiki linalozunguka, lenye vitundu vitano, na mota ya kulizungusha, na gia ya kuinua CD moja mpaka ikutane na lenzi. CD ya kwanza ikiisha, inashushwa, sinia linazunguka, linatafuta nafasi ya pili, linaiinua, lenzi inaisoma upya tangu mwanzo. Unasikia kabisa: kraa, zzzii, tak. Sekunde kadhaa zinapita, na nyinyi mnangoja kioo cheusi kama zamani, ila hakuna aliyeinuka.

Kwa hiyo unachonunua ni mtumishi wa kubadilisha CD. Picha haiwi nzuri zaidi, sauti haiwi nzito zaidi. Lenzi ikichoka, CD zote tano zinagoma kwa pamoja. Na mtumishi huyo naye ana maradhi yake ambayo deki ya CD moja haiyajui.

Nieleze moja kwa karibu, maana ndilo ninaloletewa mara nyingi. Chini ya sinia kuna kijicho kidogo kinachohesabu vitundu linapozunguka, ndicho kinachojua hii ni namba moja, hii ni namba tatu. Vumbi likikiziba, deki inasahau iko wapi. Unaiwasha, sinia linazunguka, linazunguka, linazunguka tena kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, mwisho linaandika kwamba hakuna CD. Mwenye nyumba anakimbilia kusafisha lenzi. Lenzi ni nzima. Kusafisha kijicho ni kazi ya dakika mbili, ila kukifikia lazima utoe sinia zima, na ukilirudisha meno ya gia yakiruka jino moja tu, mlango utagonga CD kila unapofunga. Ndiyo maana fundi anakutoza zaidi kwa deki ya namna hii, na si kwamba amekuona una pesa.

Nyingine ni umeme. Ukikatika wakati CD imeinuliwa nusu, nyingi zitajipanga zenyewe ukirudi. Baadhi hukwama. Ya CD moja ikikumbwa na hilo, unawasha tena, yamekwisha.

Faida ya kweli ipo, nisiwe mchoyo. Deki nyingi za sinia zinakuruhusu kufungua mlango na kubadilisha CD nyingine nne huku ile moja ikiendelea kucheza. Kwa mtu anayeendesha muziki saluni au mgahawani hilo lilikuwa jambo kubwa.

Pima pia kabati lako. CD ni sentimita 12 upana. Ukizipanga tano kwa duara bila kugusana, sinia peke yake linakula kama sentimita 33 kwenda na kurudi, hujaongeza boksi wala waya za nyuma. La CD tatu linakula kama 26. Nimeona mtu amenunua, kafika nyumbani, mlango wa kabati haufungi, na deki ikaishia kukaa juu ya friji.

Hatua ya 3: Jaribu kwanza flashi

Angalia TV yako na king'amuzi chako kama vina tundu la USB. Deki mpya za CD moja karibu zote zinalo. Flashi ya GB 8 inabeba zaidi ya VCD tano zikijumlishwa, na haiinuki wala haizunguki. Kama fungu lako la pili ni VCD za harusi, mahafali, msiba na ubatizo, mpelekee kijana mwenye kompyuta akuhamishie kwenye flashi na umalize habari. Tena fanya hivyo hata usiponunua kitu, kwa sababu CD za kuchoma zinazeeka zikiwa zimelala kabatini.

Tahadhari moja. Deki nyingi za bei ya chini zinasoma video za mifumo ya zamani, AVI na MPEG. Filamu uliyoishusha jana kwenye simu inaweza kutoa sauti bila picha, au isionekane kabisa kwenye orodha. Flashi yenyewe iwe imepangwa kwa FAT32, na kwa mpango huo faili moja halivuki GB 4. Nenda dukani na flashi yako mwenyewe, usijaribu kwa ya muuzaji.

Hatua ya 4: Usisome maandishi ya mbele kwa haraka

Mzee mmoja alinijia na deki kaifunga kwenye kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii. Niliuziwa ya CD tano, lakini nikiweka ya pili haikubali, inarudisha mlango."

Nikaigeuza. Mbele imeandikwa 5.1 kwa herufi kubwa za fedha. Ile 5.1 ni spika: tano za pembeni na sabufa moja. Deki yake ilikuwa ya CD moja, nzima kabisa, na CD mbili alizolazimisha zilikuwa zimechubuana migongo. Sikujua nimpe pole au nicheke, nikampa pole.

Mtego wa pili ni maneno "Multi-disc Resume", utayaona kwenye baadhi ya deki za Sony za CD moja. Maana yake ni kwamba deki inakumbuka ulipoishia kwenye CD kadhaa tofauti hata ukizitoa. Kitu kizuri, kwa maoni yangu kina faida kuliko sinia, lakini mlango ni wa CD moja. Njia pekee ya kujua ni kubonyeza kitufe cha kufungua na kuangalia kinachotoka.

Hatua ya 5: Kama imetoka nje, soma kibandiko cha nyuma

Deki mpya ya CD nyingi dukani leo ni ya kutafuta kwa tochi. Kampuni zimehamia kwingine, hata Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitoi tena deki mpya za Blu-ray, warithi wa DVD, kwa soko la Marekani. Utakayoiona itakuwa iliyotumika, imekuja na kontena au imeletwa na shemeji.

Kwanza umeme. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Kibandiko kikisema 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Kikisema 120V peke yake, ukichomeka ukutani utasikia pu! na harufu, halafu utakuja kwangu. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake uijumlishe kwenye bei ya deki kabla hujasema ni rahisi. Na Marekani ndiko deki za CD tano zilikopendwa hasa. Sony walifika mpaka kuuza zinazomeza CD 400, dude kubwa hasa.

Pili kanda. DVD za viwandani zimegawiwa dunia kwa namba: Marekani ni 1, Uingereza na nchi za Ghuba ni 2, sisi Afrika Mashariki tuko kwenye 5. Deki ya namba 1 itakataa DVD halisi ya namba 2. CD za kwetu nyingi hazina kizuizi hicho, kwa hiyo waliopata tabu ni wale wenye watoto London au Muscat wanaotuma katuni za wajukuu. Deki nyingi za Kichina zinasoma kanda zote.

Tatu, picha ikitoka nyeusi na nyeupe au inapanda kama ngazi, usimrudishie mtu deki yake. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya picha za TV, au ingia kwenye mpangilio, badilisha. Imekwisha.

Hatua ya 6: Ijaribu mbele ya muuzaji, na CD zako

Hapa usione haya. Muuzaji atasema "nzima hii bosi, nimetoka nayo leo". Wewe chomoa mfuko wako. Beba CD nne: VCD ya zamani, DVD ya dukani, DVD ya kuchoma, na moja iliyochubuka kidogo, ile ya ukumbini inafaa sana.

Sababu ya kubeba VCD na DVD zote mbili ni kwamba zinasomwa kwa miale tofauti. DVD inasomwa kwa mwale mwekundu wa nanomita 650, CD na VCD kwa mwale wa nanomita 780 ambao jicho halioni vizuri. Mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki. Nimeshika deki zinazocheza DVD safi kabisa na kukana VCD zote kana kwamba hazijawahi kuziona. Muuzaji akikujaribishia na DVD yake moja, amekuonyesha nusu tu ya deki.

Kwa deki ya CD moja, fungua na kufunga mlango mara kumi mfululizo. Unasikiliza mkanda wa mpira ulio ndani. Ukiwa umekauka, mlango utasita katikati, au utafunga kisha ufunguke wenyewe, au utataka kusukumwa kwa kidole. Mkanda ni bei ndogo, kwa hiyo hili lisikukimbize, likupunguzie bei. Kisha weka CD, hesabu kimoyomoyo. Ikichukua nusu dakika kujitambua, lenzi imechoka au imechafuka. Ruka hadi mwisho wa filamu, kwa sababu CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na deki nyingi mbovu hucheza mwanzo vizuri zinaganda kuelekea mwisho.

Kwa deki ya CD tano, fanya yote hayo, kisha jaza vitundu vyote. Bonyeza kitufe cha kuruka CD: moja, mbili, tatu, nne, tano, rudi moja. Kila moja icheze angalau kidogo. Halafu, kwa ruhusa ya muuzaji, chomoa waya wa umeme wakati sinia linazunguka, subiri kidogo, rudisha. Nyumbani TANESCO hawatakuomba ruhusa. Ikijipanga yenyewe na kusoma, umepata deki. Ikianza kutafuta ufunguo gizani kama nilivyoeleza juu, mrudishie jamaa kwa adabu.

Rimoti nayo uijaribu. Vitufe vya kuchagua CD kwenye rimoti za kununua mtaani mara nyingi havipo, na deki nyingine bila rimoti yake halisi huwezi kufikia nusu ya kazi zake.

Hatua ya 7: Sasa amua

Nyumba ya kawaida yenye DVD, flashi na king'amuzi, chukua ya CD moja, mpya, yenye USB na tundu la HDMI kama TV yako ni bapa. Sibabaiki hapo.

Watoto wanagombania katuni na wewe una mawaidha yako? Nunua deki *mbili* za CD moja. Moja ingiza AV1, nyingine AV2, au TV mbili ukijaliwa. Watu wananiangalia nikisema hivi, lakini mbili mpya zinaweza kuwa rahisi kuliko moja iliyotumika ya CD tano, na moja ikifa nyingine inaendelea.

Mama au bibi mwenye VCD nyingi za sehemu tatutatu, magoti yanamsumbua, rimoti anaijua na flashi hataki kuisikia, huyo mnunulie ya CD tatu au tano. Ya CD tatu ni bora kama utaipata: sinia dogo, gia chache, na filamu ya Kihindi ya VCD tatu inaingia yote. Nimemuuzia mama mmoja hivyo, na kila Ijumaa mjukuu anampangia, zinacheza mpaka jioni bila kumwita mtu.

Saluni, mgahawa, ukumbi: zamani ningesema CD tano. Leo flashi.

Na kama ni seti ya hom thieta yenye deki ya CD tano ndani yake, kumbuka sinia likifa utabaki na spika nzuri zisizo na deki. Hakikisha nyuma ina matundu ya kuingiza sauti, nyekundu na nyeupe, ili siku hiyo uchomeke deki nyingine ya nje na maisha yaendelee.

Hatua ya 8: Njiani na siku ya kwanza

Ukishalipa, fungua mlango, toa CD zote kabla ya kuipakia. Hii ni kwa sinia hasa. CD zikiachwa ndani na boda ikapita kwenye matuta, zinaruka kwenye vitundu vyake na kujipenyeza chini ya sinia, na ukiwasha nyumbani gia inasaga plastiki. Iweke bapa, usiisimamishe.

Iweke mahali penye hewa, si juu ya king'amuzi kinachochemka wala chini ya sabufa, maana mtikisiko wa besi unairusha lenzi. Usiifunike kitambaa ikiwa imewashwa, hata kile cha kufuma alichotunza mama mkwe.

Ikianza kuganda baada ya miezi, futa CD kwanza, kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Bado? Chomoa umeme, na kama una mkono mwepesi safisha lenzi kwa pamba ya masikio yenye tone la spiriti ya isopropili, kwa kugusa tu. Petroli na tina zitaifanya lenzi iwe na ukungu milele. Usiiwashe deki ikiwa wazi ili uone kama taa inawaka, mwale ule si wa kuchungulia. Na ndani upande wa waya wa umeme kuna sehemu zinazotunza chaji hata baada ya kuchomoa, huko usipeleke kidole.